Mbona upo Ujerumani na laivu zako zinaganda? Jibu langu

Haya jamani, habari zenu. Leo siongelei viza wala usaili wa ubalozini. Leo najibu swali moja tu, kwa sababu kila nikifungua maoni nalikuta: "Dada, upo Ujerumani, mbona laivu zako zinaganda kuliko za sisi tulio Handeni?" Kuna mwingine kaandika kwamba Ulaya naigiza, nimejifungia chumbani Mbezi na koti la mtumba. Nimeyasoma yote. Sifuti maoni ya mtu, lakini nayasoma.

Najua nikijibu nitasemwa pande zote mbili. Nikisema intaneti ya nyumbani kwangu ni mbovu, wapo watakaosema huyu kapata nafasi na bado analalamika. Nikitaja ninacholipa, wapo watakaosema anaringa na euro zake. Silalamiki na siringi. Nataka muelewe kinachotokea, na wale mnaokuja huku mwaka huu mjue kabla hamjaweka sahihi. Na nitakayoyasema ni ya kwangu, ya nyumba yangu, hapa Kassel. Nina rafiki yupo Hamburg ana faiba, ule waya wa mwanga wenye spidi kubwa, mpaka sebuleni, hajui hata naongea nini. Kwa hiyo asije mtu kesho akasema dada kasema Ujerumani nzima haina mtandao.

Kwanza mjue hiki kitu kimenigharimu wapi. Mama yangu yupo Korogwe. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nikitoka zamu ya mchana nafika nyumbani usiku, na huo ndio muda ninaompata. Napiga kwa video, tunasalimiana, anaanza kunieleza habari za mguu wake, mara picha inaganda. Namuona kafungua mdomo, sauti haipo. Simu inakatika. Nikimpigia tena ananiuliza kwa sauti ndogo, "Umenikatia, mwanangu?" Na kwenye kundi la familia baba yangu mdogo akaandika kwamba watu wakishafika Ulaya mtandao wao huwa mbovu siku za kuombwa hela. Aliandika hivyo watu wote wakisoma, mashangazi, wakwe, kila mtu. Baba mdogo, shikamoo, najua unaangalia. Lile neno liliniuma, na leo naomba usikilize mpaka mwisho.

Iko hivi. Jengo ninaloishi ni la zamani, na ndani kuna njia mbili tu za intaneti. Ya kwanza ni waya wa simu ya mezani, waya wa shaba, unaotoka kwenye kabati la kijivu lililoko barabarani. Ukiwa mbali na lile kabati, spidi inapungua kadiri waya unavyorefuka, na nyumba yetu ipo mbali nalo. Ya pili ni waya wa televisheni, wa shaba pia, na ndio ninaoutumia. Huu una nguvu kuliko ule wa simu, lakini mnagawana mtaa mzima. Asubuhi unapaa. Ikifika saa mbili usiku, kila nyumba imewasha filamu, watoto wapo kwenye michezo, wote mnanyonya bomba moja. Huo ndio muda wangu wa laivu na ndio muda wa mama yangu.

Mtaniuliza, Ujerumani yenye magari yote yale, ilikosaje faiba? Nimelifuatilia hili kwa sababu lilinikera. Mwaka 1981, enzi za Ujerumani Magharibi, serikali ya Kansela Helmut Schmidt ilikuwa na mpango wa kutandaza faiba nchi nzima. Mwaka 1982 akaingia Helmut Kohl, na waziri wake wa posta, Christian Schwarz-Schilling, akapeleka nguvu kwenye waya wa shaba wa televisheni. Waya wa aina hiyo ndio uliopo ukutani kwangu leo. Sisi kwetu simu za mezani hazikufika kwa wengi, tukaenda moja kwa moja kwenye simu za mkononi, halafu mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukafika Dar 2009 na ule wa EASSy 2010. Kwa hiyo kijana wa Tanga mjini aliyefungiwa faiba mwaka jana anaweza kunipita spidi, na hilo si la kushangaza wala si aibu yangu.

Na kukatika kunatokea kila mahali. Mnakumbuka Mei 2024, zile nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini? Tanzania ilizubaa. Mimi nilikuwa nawatafuta hampatikani, sikumwandikia mtu kwamba anaigiza.

Sasa tuje kwenye hela na makaratasi, maana hapo ndipo penye maumivu.

Kwetu ukichoka na kampuni unatupa laini, unanunua nyingine kwa wakala pale kwenye mwavuli. Bando likiisha limeisha, hakuna anayekudai. Hapa intaneti ya nyumbani kwa kawaida ni mkataba, na mkataba wa mwanzo unaweza kukufunga mpaka miezi 24. Mimi nalipa kama euro 45 kwa mwezi, zaidi ya laki moja ya kwetu, na zinakatwa zenyewe benki, mtandao uwepo usiwepo. Tangu sheria mpya ya mawasiliano ianze tarehe 1 Desemba 2021, ile miezi ya mwanzo ikiisha unaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Zamani walikuwa wanaweza kukuongezea mwaka mzima kama ulisahau kuandika barua. Lakini ndani ya ile miezi ya mwanzo huondoki hivi hivi.

Na hapa nawasihi, wanaonishauri "acha tu kulipa, wakate" mnanishauri vibaya sana. Huku ukiacha kulipa bila utaratibu, deni linapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, gharama zinaongezeka juu yake, na jina lako linaweza kuingia kwenye rekodi za Schufa. Schufa ndio wanaotunza taarifa za ulipaji wako, na siku ukitafuta nyumba mwenye nyumba anaitaka hiyo karatasi. Mgeni mwenye jina la kigeni na karatasi chafu, nyumba utaipata wapi? Nilikuwa nalipa kwa wakati huku nagombana nao.

Jina la kampuni sitalitaja, msinitegemee. Nilipopiga huduma kwa wateja, kila siku jibu ni lile lile: zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa. Nikabadilishiwa ruta, hakuna tofauti. Nikaambiwa kuta za nyumba yangu ni nene, tatizo ni WiFi. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta, spidi ile ile. Nikaambiwa fundi atakuja, nimsubiri kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Mtu wa zamu anapata wapi saa sita za kukaa? Nilibadilishana zamu na mwenzangu Mfilipino, nikamlipa kwa kumfanyia Jumapili yake.

Nilikaa jikoni siku hiyo, kwenye kiti kilicho karibu na kile kisimu cha mlangoni, hata kuoga niliogopa. Majengo mengi ya huku hayana namba za vyumba, kengele chini zina majina ya ukoo, na la kwangu lipo, nililipiga picha asubuhi ile ile. Kisimu hakikulia. Saa nane na dakika chache ukaingia ujumbe: fundi alifika, hakukuta mtu. Jamani, nililia. Nilikuwa na ile picha mkononi, nipo nyumbani, nimevaa viatu nimpokee mtu, halafu ninaandikiwa kwamba sikuwepo.

Ndipo nikaanza kusoma haki zangu, na hapa nataka mkae vizuri. Sheria ile ya 2021 inasema fundi akikosa miadi bila sababu yako, unastahili fidia ya euro 10 au asilimia 20 ya malipo yako ya mwezi, ile iliyo kubwa. Laini ikifa kabisa na wewe umetoa taarifa, wasipotengeneza, kuanzia siku ya tatu baada ya taarifa fidia inahesabika kwa kila siku: siku ya tatu na ya nne ni euro 5 au asilimia 10, kuanzia siku ya tano ni euro 10 au asilimia 20. Hakuna atakayekupigia kukuambia hivi. Niliandika barua, nikaweka picha ya kengele, nikatuma kwa rejista. Zile euro 10 zilionekana kwenye ankara iliyofuata. Ni hela ndogo, lakini zilinirudishia heshima yangu.

Ila tatizo langu kubwa ni spidi, na kwa spidi maneno hayatoshi, wanataka ushahidi wa aina moja tu. Ipo mamlaka inayosimamia mawasiliano, inaitwa Bundesnetzagentur, mfano wa TCRA yetu. Wana programu ya bure ya kupima, unaiweka kwenye kompyuta. Simu haikubaliki, WiFi haikubaliki, lazima waya. Unapima mara 30, kwa siku tatu tofauti ndani ya wiki mbili, kila siku mara 10. Kati ya kipimo na kipimo uache angalau dakika tano, na ukifika cha tano unasubiri saa tatu ndipo uanze cha sita. Huna kompyuta yenye tundu la waya, tafuta kifaa cha kuchomeka pembeni chenye hilo tundu, ndivyo nilivyofanya. Ukimaliza, programu inakutolea ripoti, na inakuambia kama kampuni imevunja ahadi.

Ahadi gani? Mkataba wako una karatasi ya maelezo ya huduma yenye spidi tatu: ya juu kabisa, ya kawaida na ya chini kabisa. Kwangu zimeandikwa 250, 200 na 150, megabiti kwa sekunde. Tangazo lilinionyesha ile 250 peke yake. Wapimaji wanaangalia zote tatu. Kwa mfano, kama kwa siku mbili kati ya tatu hukufikia hata mara moja asilimia 90 ya ile ya juu, hapo una kesi. Kama ulishuka chini ya ile ya chini kabisa angalau mara moja kwa siku mbili kati ya tatu, una kesi pia. Mimi asubuhi nilikuwa vizuri, usiku naporomoka mpaka arobaini na kitu. Na angalieni spidi ya kupandisha pia, sisi wa video ndiyo inayotuhusu. Kwenye waya wa TV huwa ni ndogo mno kuliko ya kushusha, laivu yako inategemea hiyo na wao hawaitangazi.

Ukishapata ripoti una njia mbili. Unaweza kudai upunguziwe malipo kulingana na kilichokosekana, au uwape muda wa kurekebisha na wakishindwa uvunje mkataba bila kungoja uishe. Wengi mtaniambia ningevunja. Nivunje niende wapi? Kwenye ule waya wa simu ulio mbali na kabati? Wakenya mnaniandikia nifunge Starlink, ile intaneti ya setilaiti, kama nyie, lakini mimi ni mpangaji, dishi ukutani ni mpaka mwenye nyumba akubali, na wangu kakataa. Kwa hiyo nilichagua kupunguziwa. Walianza kwa kunipa "zawadi" ya mwezi mmoja bure, nikakataa. Walipoona ripoti imeambatanishwa tena, na nimeandika kwamba hatua inayofuata ni meza ya usuluhishi ya Bundesnetzagentur, wakakubali kunipunguzia mpaka watakapoongeza nguvu mtaani kwetu. Kiasi sikitaji, kila mtu ripoti yake na hesabu yake. Kama Kijerumani chako bado kidogo, ofisi za ushauri kwa wateja, Verbraucherzentrale, zipo kila jimbo, wanasaidia kuandika barua, ingawa baadhi ya huduma ni za kulipia.

Kwa mnaokuja, mimi ningekuwa nyie, kabla ya kusaini ningegonga mlango wa jirani saa mbili usiku nimuulize anatumia nini na inaendaje. Hiyo ni mimi. Mwingine anakaa peke yake, haangalii filamu, bando la simu linamtosha kabisa, asifungwe miaka miwili kwa sababu yangu.

Na dada aliyeniuliza kuhusu kuhama kutoka Kassel kwenda Bremen: kama kampuni yako haiwezi kukupa huduma ile ile kwenye anwani mpya, sheria inakuruhusu kuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, hata kama miezi 24 haijaisha. Omba wakujibu kwa maandishi kwamba hawawezi, na uitunze hiyo barua.

Laivu ya maswali nimeihamishia Jumapili saa nne asubuhi kwa saa za nyumbani, Wajerumani bado wamelala na laini ni yangu. Mama nitampigia kabla ya hapo. Baba mdogo, nitakupigia na wewe, kwa video.