Kufungwa Tumezoea

Wababa, wamama wa Lubumbashi, na ninyi vijana wa Katuba mliojibana kule dirishani, jambo yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mateso ya shabiki, na sifa za kazi hiyo ninazo. Timu yangu si Mazembe, ile ya kunguru wa Kamalondo, wala si Lupopo, ile ya watu wa reli. Jina sitalitaja, msije mkanichangia pesa. Mtu wa Mazembe akilia, anavililia vikombe alivyozoea: ubingwa wa Afrika mara tano, tena mwaka 2010 wakafika fainali ya dunia ya vilabu pale Abu Dhabi, Inter ya Italia ikawafunga 3-0. Mtu wa Lupopo analilia ubingwa wa nchi alioupata mara ya mwisho 2002. Sisi wengine tunausoma msimamo wa ligi kuanzia chini kwenda juu, na mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali.

Kwa hiyo mnielewe: kufungwa si kitu. Beki anateleza, kipa analala upande usio wake, tunatukana kidogo, tunarudi nyumbani kula bukari, ugali wetu. Kinachoniuma mimi ni kingine.

Jumapili moja tulifika uwanjani tumevaa jezi, ngoma ziko tayari, mama wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ameshapanga ndoo zake. Geti lina kufuli. Mlinzi anasema mechi imesogezwa. Mpaka lini? Hajui. Nani kasema? «Wakubwa.» Tukampigia mkubwa mmoja wa ligi, akajibu kwamba tangazo lilitumwa. Lilitumwa kwa nani, baba? Simu ikakatika. Na wakati huohuo wachezaji wetu wanashuka kwenye basi, soksi zimeshavutwa mpaka magotini! Wao nao hawakuambiwa. Yule mama ilibidi atuuzie munkoyo kwa nusu bei, maana kesho yake ingechacha. Hasara yake haikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Msidhani ni ugonjwa wa leo. Wazee mnaokumbuka Englebert, ndiyo Mazembe ya zamani, mabingwa wa Afrika wa 1967: fainali na Asante Kotoko ya Ghana ilikwenda 1-1 kule Kumasi, na 2-2 Kinshasa. Ikaamuliwa warudiane Yaoundé. Kotoko hawakutokea, kombe likabaki kwetu. Kwa nini hawakutokea? Shirikisho la mpira la nchi yao halikuwafikishia ujumbe. Fikirini shabiki wa Kumasi anayesikia kwamba timu yake imepoteza Afrika nzima kwa karatasi iliyolala mezani! Hapa kwetu tunaisimulia tukicheka. Mimi siku hizi inanishinda kucheka. Kotoko wenyewe walilipa 1970, wakatufunga 2-1 Kinshasa na kuondoka na kombe, na hiyo ndiyo dawa ninayoikubali: uwanjani.

Sasa lingine, na hapa watu wa Mazembe mnivumilie. Mwaka 2011, wakiwa mabingwa mara mbili mfululizo, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliwatoa mashindanoni kwa sababu ya mchezaji wao Besala Bokungu. Simba ya Dar es Salaam, waliokuwa wametolewa na Mazembe hao, walilalamika kwamba mchezaji huyo hakustahili kuchezeshwa. Simba na Wydad ya Morocco wakagombania nafasi ile, Wydad wakaichukua. Mji huu ulichemka. Lakini angalau tulijua tumekosana na nani, na kwa sababu gani. Unaweza kusema uamuzi ni mbovu, ukabishana mpaka usiku. Kufuli la getini huwezi kubishana nalo.

Nina mtoto wa dada yangu anayeishi Montréal. Ameambukizwa hoki ya barafu, na kila akipiga simu ni kilio: timu yao haijachukua kombe tangu 1993. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za 1955. Nyota wao, Maurice Richard, alimpiga mpinzani kwa fimbo kule Boston, na alipozuiwa akampiga ngumi msaidizi wa refa. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamwita, akamsikiliza, kisha akamfungia msimu wote uliobaki, na mechi za kombe pia. Kesho yake jioni Montréal inacheza na Detroit, na nani anaingia uwanjani kuketi kwenye kiti chake cha siku zote? Campbell! Akapokewa kwa mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka, mechi ikavunjwa na ushindi ukapewa Detroit. Nje, maduka yakavunjwa. Richard mwenyewe ilibidi aingie redioni kuwatuliza watu.

Sisifu nyanya, tena kwa bei zake za sasa hapa mjini. Na adhabu ile watu wa Montréal waliiona ya chuki, mzungumza Kiingereza akimkandamiza Mfaransa wao, siwezi kuwahukumu. Lakini yule bwana alitoa uamuzi kwa jina lake, akaeleza sababu, kisha akaja kukaa mahali anapoonekana. Wa kwetu, mimi sijui hata anakaa jukwaa gani.

Basi tumeandika barua. Inaomba jambo moja: mechi ikisogezwa, tangazo libandikwe getini siku mbili kabla, likiwa na tarehe mpya, sababu, na jina la aliyelitia sahihi. Iko pale kwa mama katibu, kalamu ipo. Hata watu wa Mazembe wanaruhusiwa. Sasa maswali, tuanze na baba mwenye kofia, ameinua mkono tangu nilipomtaja Besala.