Tukienda Japan tupande kaskazini: ziara ya sanaa kutoka Hiraizumi mpaka Shiraoi

Haya jamani habari za jioni, karibuni sana, mlioko nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Nimeombwa niongelee ziara za sanaa na utamaduni Japan, nami nikaomba niongelee kaskazini peke yake, yaani ile mikoa sita ya Tohoku na kisiwa cha Hokkaido juu yake, maana Tokyo na Kyoto kila mtu anakupeleka, picha zake mmeshaziona mpaka basi. Kaskazini ndiko ninakopeleka makundi na ndiko roho yangu iliko.

Kitu kimoja naomba mkishike kabla hatujapanda treni. Kwa miaka mingi sana watawala wa Kyoto waliwaita watu wa kaskazini washenzi, walikuwa na jina lao kabisa, Emishi, wakapigana nao, wakawatoza kodi, baadaye wakawa wanawaona ni wakulima wa theluji tu hawana lolote. Sasa vitu vizuri karibu vyote nitakavyowaonyesha leo vimetoka kwa hao hao, kwa waliokatazwa, kwa vipofu, kwa maskini, kwa walionyang'anywa ardhi. Mwongozaji akikupitisha kaskazini bila kukwambia hilo amekuonyesha vyombo tu.

Basi tunaanza Hiraizumi, mkoa wa Iwate, unashuka kwenye treni ya mwendokasi pale Ichinoseki halafu unachukua treni ya kawaida dakika chache. Pale kuna hekalu la Chuson-ji na ndani yake kuna Konjikido, ukumbi wa dhahabu uliokamilika mwaka 1124. Watu wanategemea kitu kikubwa, kumbe ni kidogo, upande mmoja kama mita 5 na nusu hivi, unaweza kuuzunguka kwa macho ukiwa umesimama, na siku hizi umewekwa ndani ya jengo la zege nyuma ya kioo na kupiga picha hairuhusiwi. Afadhali wamekataza, inabidi uangalie. Laka, yaani vanishi ya utomvu wa mti, imepakwa tabaka juu ya tabaka, juu yake karatasi za dhahabu nyembamba kabisa, halafu kwenye nguzo wamepachika vipande vya makombe ya bahari za kusini vimekatwa maua, vinang'aa kijani ukisogea hatua moja na pinki ukirudi, na kuna pembe za ndovu pia. Japan haina ndovu, kwa hiyo hizo zilivuka bahari. Karne mbili kabla yake msafiri Mwarabu Al-Masudi alishaandika kwamba pembe za nchi ya Zanj, pwani yetu hii, zinapelekwa Oman na kutoka huko India na China, kwa hiyo mnaweza kupata picha ya biashara iliyokuwepo enzi zile.

Aliyejenga anaitwa Fujiwara no Kiyohira, na habari yake ndiyo inayonifanya nianzie hapa. Vita vya kugombea kaskazini vilimla baba yake, baadaye mke na watoto wake waliuawa, yeye akabaki akawa mkubwa wa eneo lote lenye migodi ya dhahabu. Angeweza kujenga ngome. Akajenga hekalu, na kwenye tamko lake la mwaka 1126 akasema kengele ikilia iwafariji wote waliokufa, wa jeshi la mji mkuu na Emishi sawasawa, mpaka wanyama na samaki waliouawa, tena akajitaja mwenyewe kwa lile jina la kudharauliwa, kwamba yeye ni mkuu wa hao washenzi wa mashariki. Mwaka 1189 jemadari Minamoto no Yoritomo akaja na jeshi akaumaliza ukoo. Chini ya madhabahu ipo miili ya Kiyohira, mwanawe na mjukuu wake, pamoja na kichwa cha kitukuu Yasuhira aliyekatwa, na mwaka 1950 wataalamu walipofungua wakakuta mbegu za yungiyungi kwenye sanduku la hicho kichwa, wakazitunza, zikaota, mwaka 1998 zikatoa maua. Ukienda Julai au Agosti mwanzoni utayakuta bwawani hapo hapo.

Morioka tunapita haraka, tunaingia karakana moja ya mabirika ya chuma cha kusubu, yale meusi yenye vinundu vidogo vidogo mwili mzima. Watu wakiona vile vinundu wanadhani ni mashine, kumbe fundi anavigandamiza kimoja kimoja kwenye udongo wa kalibu kabla haujakauka, na ndani ya birika hawapaki kitu, wanalichoma kwenye mkaa mpaka chuma chenyewe kifanye ngozi ya kuzuia kutu. Ni mzigo mzito kwenye begi lakini nani atakuzuia.

Akita nayo siku moja inatosha kama muda ni mdogo, ila msikose makumbusho ya sanaa ya mjini, jengo la msanifu Tadao Ando, kwa sababu ya picha moja ya mchoraji Fujita Tsuguharu, yule aliyepata umaarufu Paris. Mwaka 1937 alichora maisha ya Akita, sherehe, soko, watoto kwenye theluji, urefu zaidi ya mita 20 kwenda juu mita 3 na nusu na kitu, kwa siku 15. Halafu kule rasi ya Oga kuna Namahage, wanaume wanaovaa vinyago na nguo za majani makavu ya mpunga usiku wa tarehe 31 Desemba wanaingia nyumba kwa nyumba kwa kishindo kuuliza kama kuna watoto watukutu na wavivu, baba mwenye nyumba anawakaribisha na sake, pombe ya mchele, wanatulia. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake mwaka 2018. Mwaka wote mwingine unaonyeshwa kwenye makumbusho yao, siyo sawa na usiku wenyewe lakini vinyago ni vya kweli, kila kijiji na sura yake.

Sasa Hirosaki, hapa naomba mnivumilie nitakaa. Hirosaki ndio ulikuwa mji wa mtawala wa Tsugaru, pembe ya magharibi ya mkoa wa Aomori, wengi wanaufuata kwa ajili ya maua ya cherry ya pale ngomeni na kweli ni mazuri, mimi nawapeleka kuangalia nguo za shambani. Mwaka 1724 utawala ule ulipiga marufuku wakulima kuvaa pamba. Pamba haioti kule, baridi ni kali mno, ilikuwa inaletwa kwa meli kwa hiyo ni ghali, wakaambiwa nyie vaeni hempu, zile nyuzi za mmea wa jamii ya bangi. Hempu inapitisha upepo, na jiji la Aomori lenyewe linapata theluji ya mita 5 na zaidi ukijumlisha msimu mzima, hebu fikiria umevaa kitambaa chenye matundu kama chekeche katikati ya hiyo theluji. Wanawake wakatafuta njia. Uzi wa pamba waliruhusiwa kidogo, basi wakachukua uzi mweupe wakawa wanaupitisha kwenye yale matundu ya kitambaa kilichotiwa nili, mstari kwa mstari, wanahesabu nyuzi za msingi kwa witiri, moja, tatu, tano, saba, mpaka matundu yote ya mabegani na kifuani yamezibwa na nguo imekuwa nene ya joto.

Na kwenye kuziba matundu ikatokea sanaa, inaitwa kogin. Ukiisogelea unaona almasi ndani ya almasi, na michoro ile midogo ina majina ya vitu vya nyumbani kwao, kuna jicho la paka, kuna punje ya maharage, kuna kipepeo. Geuza nguo uangalie upande wa ndani, hii ndiyo siri nawapa, upande wa ndani nao umenyooka, kwa sababu hakuna mafundo, uzi umeenda na kurudi tu, na kila sindano imehesabiwa. Msichana alianza kujifunza mdogo sana. Koti moja lilichukua msimu wa baridi mzima, likichakaa mabegani wanahamisha kipande, wanaweka kingine juu, wanatia nili tena mpaka weupe unapotea, kwa hiyo zile zilizo nyeusi tititi kwenye kabati la makumbusho ndizo zilizovaliwa zaidi, na mimi hizo ndizo nazipenda kuliko zile nyeupe safi. Mwaka 1891 reli ikafika Aomori, pamba ikashuka bei, watu wakaacha kushona, ikawa karibu ipotee kabisa mpaka wapenzi wa sanaa za wananchi akiwemo Yanagi Soetsu walipoanza kuziandika na kuzikusanya. Hirosaki kuna taasisi ya kogin inayofanya kazi mpaka leo, na jengo lake la mwaka 1932 ndiyo kazi ya kwanza ya msanifu Maekawa Kunio, kwa hiyo mpenda majengo na mpenda sindano wote wanaingia mlango mmoja.

Jioni yake tunasikiliza shamisen ya Tsugaru. Ni ala ya nyuzi tatu, lakini hii ya Tsugaru shingo yake nene na mpigaji anagonga mpaka ngozi ya ala, ni uzi na ngoma kwa pamoja. Walioianzisha ni vipofu waliokuwa wanapiga mlango kwa mlango kuomba mchele, na ukitaka kusikia ilivyokuwa tafuta rekodi za Takahashi Chikuzan, alizaliwa 1910, karibu awe kipofu kabisa tangu utotoni, akatembea hivyo hivyo kwenye theluji na ala yake, mpaka uzeeni kumbi zikawa zinajaa. Msipige makofi mapema, kuna vipande anapunguza sauti mpaka unadhani amemaliza.

Aomori mjini naweka siku mbili. Sannai-Maruyama kwanza, kijiji cha watu wa Jomon, yaani watu wa kale kabisa wa Japan, kilikaliwa kuanzia karibu miaka 5,900 iliyopita kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Kiligundulika kwa ukubwa wake mwaka 1992 walipokuwa wanataka kujenga uwanja wa besiboli, mkoa ukaamua uwanja basi. Kuna mashimo sita ya nguzo yenye upana wa mita 2 na kina mita 2, na ndani vilikutwa visiki vya mti wa chestinati vyenye kipenyo cha mita nzima, watu hawana chuma hawana gurudumu. Mwaka 2021 kikaingia urithi wa dunia pamoja na maeneo mengine ya Jomon, jumla 17. Jirani yake kabisa ni makumbusho ya sanaa ya mkoa, msanifu Aoki Jun aliyajenga kwa kufuata mahandaki ya uchimbaji, sakafu na kuta za udongo, na pale ndipo ilipo sanamu ya mbwa mweupe ya msanii Nara Yoshitomo, mtoto wa Hirosaki, urefu mita 8 na nusu, ameinamisha kichwa. Wageni wanakimbilia mbwa, sawa, nawapa muda, halafu nawavuta kwenye kazi za Munakata Shiko, mchonga chapa za mbao.

Munakata alizaliwa Aomori 1903, mtoto wa mhunzi, macho yake mabovu tangu mdogo. Alikuwa anachonga ubao uso umegusa mbao, miwani inakwaruza, haraka haraka kama mtu anayekimbizwa, kisha rangi anazipaka nyuma ya karatasi ili zipenye zije mbele zimelainika. Mwaka 1956 alichukua zawadi kuu ya chapa pale Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia. Na ukitaka kujua ile mistari minene na macho makubwa aliipata wapi, nenda kaangalie Nebuta, yeye mwenyewe aliipenda mno. Nebuta ni sanamu za taa, tarehe 2 mpaka 7 Agosti kila mwaka, upana mita 9 kwenda juu mita 5, fremu ya mbao na waya, taa mamia ndani, juu karatasi ya washi, ile ya Kijapani ya asili. Fundi anaandika kwanza kwa wino mweusi, halafu anapitisha nta iliyoyeyushwa, nta inazuia rangi zisiingiliane na pale ilipopita mwanga unapenya zaidi, ndiyo maana usiku magamba ya joka yanawaka yenyewe. Mwaka 2012 Kitamura Asako akawa mwanamke wa kwanza kutoa Nebuta kubwa kama fundi mkuu. Baada ya sherehe nyingi zinavunjwa, chache zinahifadhiwa kwenye jengo la Wa Rasse. Ukikodi nguo za wachezaji unaruhusiwa kuingia barabarani kuruka nao, hamuulizwi mnatoka wapi.

Kisha tunapita chini ya bahari, handaki la Seikan, kilomita 53.85, tunatokea Hokkaido. Ardhi hii ilikuwa ya Waainu. Mwaka 1869 serikali ya Meiji iliitwaa ikaipa jina jipya, ikakataza wanawake kuchanja chale za mdomoni, ikawazuia kuvua samoni kwenye mito yao wenyewe, sheria ya 1899 ikawataka wawe wakulima, na hiyo sheria ilifutwa mwaka 1997, juzi tu. Kutambuliwa kisheria kama wenyeji wa asili ni 2019. Pale Shiraoi pembeni ya ziwa Poroto kuna makumbusho ya taifa ya Waainu, Upopoy, yalifunguliwa Julai 2020, na maonyesho yameandikwa kwa sauti ya wenye mali, lugha yetu, ulimwengu wetu, maisha yetu, historia yetu. Kutoka hapo tunaenda Nibutani, wako wachongaji wa sinia za mbao na wafumaji wa attus, nguo ya gome. Gome la ndani la mti linaloweshwa, linabanduliwa tabaka tabaka, linachanwa nyuzi, zinaungwa kwa vidole moja baada ya nyingine kabla ya kufika kwenye kitanda cha kufumia. Bei yake itawashtua. Msipunguziwe, lipeni.

Na pale Shiraoi, mbali kidogo na makumbusho, kuna jengo la kumbukumbu ambalo ratiba nyingi za watalii hazilitaji. Vyuo vikuu vya Japan, cha Hokkaido kikiwemo, vilifukua makaburi ya Waainu na kuchukua mifupa kwa ajili ya utafiti, na mabaki ya watu zaidi ya elfu moja sasa yamewekwa humo. Wako Waainu wanaosema afadhali, wako wanaosema hapana, rudisheni kila mtu kwenye ardhi yake, na mwaka 2016 baada ya wazee kwenda mahakamani mifupa ilirudishwa Kineusu, Urakawa, ikazikwa upya. Mimi kundi langu lazima lifike hapo, tunasimama, hatupigi picha. Wenzetu wa mataifa mengine inabidi niwaeleze kwa muda mrefu. Watu wa kwetu hawahitaji maelezo, wanajua Mangi Meli, chifu wa Wachaga, alinyongwa Old Moshi mwaka 1900 na kichwa kikaaminika kupelekwa Ujerumani, wanajua habari ya mafuvu zaidi ya elfu moja ya Afrika Mashariki yaliyo Berlin, na kwamba mwaka 2023 vipimo vya DNA vilipata ndugu wa damu Tanzania kwa baadhi yake. Mara nyingi wao ndio wanaoanza kumuuliza mwenyeji wa Kiainu maswali, na mazungumzo yanakuwa marefu mpaka basi la jioni tunalikosa, na sijawahi kulijutia.

Haya, maswali. Dada wa mbele pale umenyoosha mkono muda mrefu, karibu.