Jicho Linalong'aa Halisubiri Tumbaku Iuzwe

Mwangaluka mama zangu, mwangaluka wazee wangu. Nimepewa nusu saa nizungumzie saratani za watoto. Nitazungumzia moja tu, ya jicho, inayoitwa retinoblastoma. Wengi hapa Tabora mmeshanisikia nikiisema kliniki, kanisani, hata msibani. Naisema tena kwa sababu bado naletewa watoto waliochelewa.

Kuna mama alitoka Sikonge, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku. Binti yake alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Usiku mmoja akimnyonyesha, mwanga wa tochi ukapita usoni mwa mtoto, akaona mboni ya jicho la kushoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Kulipokucha akaangalia tena: jicho zima kabisa. Mtoto anacheza, anakula, halii. Moyo haukutulia, akaenda zahanati. Akapewa dawa ya kupaka. Akarudi, akaambiwa ni mtoto wa jicho, akikua atapasuliwa. Akarudi mara ya tatu, akaambiwa, "Mama, una wasiwasi mno." Akaona aibu, akabaki nyumbani. Mumewe akasema wasubiri tumbaku iuzwe wapate nauli ya Mwanza. Ikauzwa. Siku nilipompokea yule mtoto jicho lilikuwa limetokeza nje, na uvimbe umeshafuata mshipa wa fahamu kuelekea kwenye ubongo. Tulimzika kabla hajafikisha miaka 3.

Mama yule aliona usiku wa kwanza! Sisi wenye makoti meupe tulichukua miezi 7 kuona alichokiona yeye. Kila nikisimama kuzungumza, yule binti ninaye.

Najua kuna mganga wa zahanati hapa anawaza: ugonjwa wenyewe ni adimu, unampata mtoto mmoja kati ya 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, kwa nini tuhangaike? Ndugu yangu, mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3, na kila siku wodi za wazazi zinajaa. Huyo mmoja atapita mlangoni kwako, naye atapita akiwa anacheka, kwa sababu mwanzoni haumi. Tena hata mtoto wa jicho wa kweli kwa mtoto mchanga hasubiri akue. Kwa hiyo ukiona weupe kwenye mboni, andika rufaa siku hiyo hiyo.

Na mababu wanauliza: mtang'oaje jicho la mtoto? Wazee wangu, uvimbe ukijaa ndani, jicho hilo halioni tena, na ukiachwa unamfuata mtoto mzima. Ukiwahi mapema zaidi kuna mionzi ya leza, kuna kugandisha kwa baridi kali, kuna dawa za saratani, na mara nyingine jicho linabaki. Lakini pakibidi kutoa, tutoe. Kuna kijana wa Nzega alitolewa jicho akiwa na miaka 2, akawekewa la bandia. Sasa yuko darasa la tatu, anacheza mpira kuliko wenzake. Katika nchi tajiri, ambako wanawahi, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanapona. Dawa zile zile zipo hospitali za Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Makengeza yaliyoanza ghafla nayo yapimwe. Picha ya simu yenye mwanga, jicho moja jekundu na jingine jeupe, mlete mtoto hata kama ni picha moja. Wadogo zake na kaka zake wapimwe pia, kwa maana wakati mwingine hitilafu ya jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo RB1 inarithiwa. Habari ya saratani za figo na taya sitaifikia leo.

Mama mwenye kitenge cha bluu kule nyuma, umenyoosha mkono mara mbili. Usiogope, mlete mtoto hapa mbele. Vijana, fungeni madirisha, tunahitaji giza kidogo.