Mdalasini, Mchanga na Mtungi wa Athman

MWANAESHA: Assalaam aleikum wasikilizaji. Athman yuko hapa, na leo kaja na miguu mikavu.

ATHMAN: Utaanza?

MWANAESHA: Naanza. Waeleze ya Jumanne kabla hawajayasikia kwangu.

ATHMAN: Mfereji wa nyumbani siku ya tatu hautoi kitu. Nikaagiza mitungi minne, ikaja kwa punda. Pale kichochoroni, penye ngazi, punda akakutana na mwenzake aliyebeba mchanga. Hakuna aliyekubali kurudi nyuma.

MWANAESHA: Punda au wenye punda?

ATHMAN: Wote wanne. Shogi likakwama ukutani, mtungi mmoja ukaanguka, kifuniko kikaruka. Lita 20 zateremka ngazi, nami nazitazama kama mtu anayeaga jahazi. Jirani akatoka, nikadhani atanipa pole. Akarudi ndani, akaja na tambara, akaosha kizingiti chake kwa maji yangu. Alipomaliza akalikamua kwenye chungu cha mrehani.

MWANAESHA: Sadaka hiyo. Utalipwa.

ATHMAN: Ndipo nikakumbuka Dune, riwaya ya Frank Herbert ya 1965, ambayo ndiyo mada yetu. Tulipanga kuona anavyochora picha, kisha tuwape waandishi chipukizi mafunzo matatu.

MWANAESHA: Ile iliyochapishwa na kampuni ya vitabu vya kutengeneza magari.

ATHMAN: Ndiyo hiyo. Basi mle kuna karamu. Sayari haina mvua, na mila ya wakubwa ni mgeni anawe mikono, amwage maji sakafuni makusudi, ajifute, taulo alitupe kwenye dimbwi. Nje maskini wanangojea matone ya taulo zikikamuliwa. Mtawala mpya akaipiga marufuku.

MWANAESHA: Hapo sina neno. Hakuandika "palikuwa na dhiki ya maji." Kaweka taulo.

ATHMAN: Na yule kiongozi wa jangwani anapotema mate mezani mbele ya mtawala! Watu wanataka kumrukia, kumbe ametoa maji ya mwili wake. Heshima kubwa hiyo.

MWANAESHA: Usimjaribie mkweo.

ATHMAN: Basi funzo la kwanza...

MWANAESHA: Kabla ya funzo, nina kesi. Mdalasini.

ATHMAN: Nilijua.

MWANAESHA: Mle kitabuni kuna kiungo kinachopiganiwa na kila mtu, kinavunwa mchangani, na nyungunyungu mkubwa kuliko jahazi anakuja kumeza mtambo mzima. Nasoma roho mkononi. Mara naambiwa kiungo kinanukia mdalasini. Kwisha! Jangwa likageuka jiko la mama, nangoja sinia.

ATHMAN: Ndio ufundi wenyewe. Kitu kigeni huwezi kukinusa, akakupa unachokijua.

MWANAESHA: Anachokijua nani? Wake wa keki, wangu wa pilau.

ATHMAN: Pilau yenyewe haitaki mdalasini mwingi hivyo.

MWANAESHA: Umesemaje?

ATHMAN: Kijiti kimoja kwa kilo ya mchele. Kingine cha nini?

MWANAESHA: Kimoja! Ndiyo maana kwenye harusi yenu watu waliuliza kama ule ni wali mweupe uliopigwa jua.

ATHMAN: Bizari nzima ndiyo pilau. Mdalasini unapita tu, kama mgeni.

MWANAESHA: Mgeni! Vitatu, na unavikaanga na vitunguu mpaka jirani apige hodi. Wasikilizaji, tupeni hukumu, lakini msimhurumie kwa sababu ya mtungi.

ATHMAN: Turudi kitabuni, tafadhali. Herbert alianzia kwenye mchanga wa kweli, Oregon, watu wakipanda nyasi usihame.

MWANAESHA: Nao mchanga wake haunishiki. Hapa Lamu, vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotunywesha. Mvua inazama mle, visima vinachota chini. Yeye akisema mchanga anataka nisikie kiu. Mimi nasikia ndoo ikigonga kisima.

ATHMAN: Mimi mchanga huo ndio ulionitisha. Niliona vilima vile vile, vikavu mpaka chini.

MWANAESHA: Picha hiyo umeichora wewe.

ATHMAN: Kalamu kanipa yeye.

MWANAESHA: Kakuachia kazi yake. Taulo ningeielewa popote. Mdalasini unataka pua ya kwao.

ATHMAN: Taulo umeielewa kwa sababu huku tunanawishana kwa birika na beseni. Nayo ni pua ya kwenu.

MWANAESHA: Maji ni ya kila mtu.

ATHMAN: Mwambie jirani yangu.

MWANAESHA: Sikubali, Athman.

ATHMAN: Nami sikubali.

(Kimya.)

MWANAESHA: Zimebaki dakika mbili.

ATHMAN: Mafunzo matatu je?

MWANAESHA: Matatu kwa dakika mbili? Na huyo anayekuita nje si mwenye punda?

ATHMAN: Ndiye. Anadai pesa ya mtungi wa nne.

MWANAESHA: Uliomwagika?

ATHMAN: Anasema yeye alinifikishia, ukuta ndio ulioumwaga. Zima, zima.