Je, Mtoto Wako Alikuwemo Katika Utafiti Huo?

Matabibu na wauguzi wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza moja kwa moja hadi hapa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuutoa utafiti kwenye karatasi na kuuingiza wodini. Nitakaa sana kwenye utafiti mmoja, FEAST, kwa kuwa ulifanywa kwa watoto kama wetu: Kilifi, Tanzania, na Uganda, zikiwemo Mbale na Soroti ambazo ziko karibu nasi hapa Kisumu kuliko Kilifi yenyewe.

Sote tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki vizuri, apewe maji ya mshipa kwa kasi. FEAST ikauliza kama kweli yanamsaidia. Watoto 3,141 waliingizwa kabla ya jaribio kusimamishwa mapema mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya chumvi kwa kasi walifariki asilimia 10.5. Wale ambao hawakupewa maji ya kasi walifariki asilimia 7.3. Kwa kila watoto 100, watatu zaidi walipotea kwa sababu ya tiba tuliyodhani inaokoa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Sasa hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Habari hiyo ilisafiri kwa mdomo, ikafika vituoni ikiwa imekatwa: "Maji ya kasi yanaua." Basi analetwa mtoto kutoka Ahero, ameharisha siku mbili, macho yamezama, mapigo ya mkono hayapatikani, na mtu anaogopa kufungua dripu. Huyo mtoto hakuwemo katika FEAST! Waliokuwa wakiharisha na kutapika waliachwa nje tangu mwanzo, pamoja na wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaushwa na kuhara hadi mapigo yakapotea anahitaji maji, na anayahitaji sasa hivi.

Kwa hiyo ukipata ripoti ya utafiti, usikimbilie hitimisho. Tafuta kwanza ile sehemu inayosema nani alikubaliwa kuingia na nani alikataliwa. Ni aya moja tu, lakini naithamini kuliko kurasa zote za takwimu. Kisha uangalie hospitali zilikuwa na nini. Zile za FEAST hazikuwa na mashine za kupumulia, na nyingi zetu pia hazina. Ndiyo maana utafiti huo una uzito kwetu kuliko mwingine uliofanywa London penye kila kifaa.

Swali hilo hilo la nani alipimwa linahusu hata dozi. Mwaka 2010, jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika lilionyesha kwamba sindano ya atesuneti inaokoa maisha kuliko kwinini katika malaria kali: vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Dozi ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Baadaye ikagundulika kwamba kwa watoto wadogo dawa haifikii kiwango kile kile kwenye damu, na Shirika la Afya Duniani likapandisha hadi miligramu 3 kwa kila kilo kwa walio chini ya kilo 20. Mpimeni mtoto uzani, jamani. Msikisie kwa macho.

Visa vya mgonjwa mmoja mmoja navyo msividharau. Juni 1981, taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia isiyo ya kawaida ndiyo iliyofungua macho ya dunia kuhusu UKIMWI. Kisa kinakufundisha kushuku. Hakikuambii utibuje, kwa sababu hujui wangapi walipewa dawa ile ile wakafariki bila kuandikwa.

Na utafiti mpya ukipingana na mwongozo wa Wizara? Fuata mwongozo leo, peleka karatasi hiyo kwenye kikao cha wodi, mjadiliane na daktari wa watoto, na mabadiliko yakikubaliwa yaandikwe ukutani ili hata anayeingia zamu saa nane usiku ayaone. Karibuni maswali, nianze na dada yule wa nyuma.