Soda ya Yadini

(Mazungumzo na wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Ngamiani, Tanga. Yameandikwa kama yalivyotolewa.)

Assalaam alaykum. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na mimi sitozi kiingilio. Wakubwa zangu, shikamooni.

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mama, njoo utufundishe kukagua gari." Nikamwambia kukagua gari ni kazi ya fundi, na Tanga hii mafundi hatujapungukiwa. Mimi nitakuja kuzungumzia mdomo. Mdomo wako wewe mnunuzi. Maana nimeona watu gari lao zima, injini inanguruma vizuri, na bado wameibiwa. Wameibiwa wamekaa chini ya feni, soda mkononi.

Wengi mnanijua. Miaka 27 nimeshika vitabu vya hesabu vya watu, shilingi mia ikipotea silali. Sasa sikilizeni mhasibu huyo alivyofanywa. Walioisikia hii wanivumilie, nitaisema mpaka nizikwe.

Mwaka 2016 nimestaafu, kiinua mgongo kimeingia, nataka gari dogo la Toyota, IST. Nikapanda basi la alfajiri mpaka Ubungo, enzi hizo stendi ilikuwa bado pale, nikachukua bajaji hadi yadi moja ya kuuza magari. Jina nalihifadhi. Benki nina milioni 14, na nia yangu nisizimalize.

Getini kanipokea kijana, shati limenyooka. "Shikamoo mama." Marahaba. Kanipokea mkoba. "Mama umetokea wapi?" Tanga. "Tanga! Bibi yangu mzaa mama ni wa Muheza!" Moyo ukalainika, nimekutana na mjukuu. Baadaye kaja mteja wa Bukoba, nikasikia kwa masikio yangu bibi yule yule amehamia Bukoba. [Kicheko.]

Akanikalisha, akaagiza soda. Ya baridi, chupa inatoka jasho. Mimi tangu alfajiri sijatia kitu kinywani. Nikanywa. Nimefika nusu ya chupa, kijana akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama daktari anayekuuliza ugonjwa wa aibu: "Mama, bajeti yako ni kama shilingi ngapi hivi, ili nisikuchoshe na jua?"

Nisikuchoshe na jua! Nami mtu mzima na miwani yangu nikajibu, "Nina kumi na nne."

Biashara iliishia hapo, wagosi. Yaliyofuata yote yalikuwa maigizo. Yadi ile haikuwa na gari hata moja lililobandikwa bei, na sababu ndiyo hiyo, bei ilikuwa kwenye mkoba wangu, nami nimeitoa mwenyewe. Akanionyesha kwanza magari mawili ya milioni 17, ili kumi na nne yangu ijione ndogo, iingie haya. Kisha akanileta kwenye IST ya rangi ya fedha. "Hii bosi anataka kumi na nne na nusu. Lakini wewe ni mama yangu, ngoja nikakupiganie." Akaingia ofisini. Mlango ulikuwa wa kioo. Nilimwona kwa macho yangu amesimama anachezea simu, hakuna bosi, hakuna mtoto wa bosi. Akatoka anajifuta kipaji. "Mama, nimepigana. Kumi na tatu na laki nane."

Nikamshukuru. Wallahi nilimshukuru, nikamwombea na dua.

Sasa niko pale nasubiri mkataba uchapwe, kaingia jamaa mmoja na fundi wake. Kaletewa kiti, hakukaa. Kaletewa soda, akasema, "Ahsante, nimekunywa." Anatazama IST pacha wa lile langu, rangi ile ile, mwaka ule ule. "Bei ya mwisho?" Kijana akajibu kwa swali lake, "Kwani wewe kaka una ngapi?" Jamaa akasema neno ambalo tangu siku ile nimelifanya langu: "Sikuja kuuza pesa, nimekuja kununua gari. Taja." Ikatajwa kumi na tatu. Jamaa hakubishana, akageuka akaanza kuondoka. Kafika getini, akaitwa. Aliondoka na gari kwa milioni kumi na mbili na laki tatu.

Toeni wenyewe. Soda ya shilingi 600, mimi nimeinunua kwa milioni moja na nusu. Na nyingine ilibaki kwenye chupa, nilishindwa kuimalizia.

Kinachoniuma si pesa tu. Mimi huyu huyu nikienda pale Deep Sea kununua samaki, muuza changu akinitajia elfu kumi namwambia nane, akikataa nageuka mgongo, naondoka, tena kwa mbwembwe, kanga naitupa begani. Naitwa, narudi. Kila mama humu ndani anafanya hivyo. Kwa elfu mbili! Mbona mbele ya mamilioni tunakaa kimya kama bi harusi?

Nimelifikiria sana hili. Muuza samaki hakukukaribisha. Hakukupa kiti, hakukuita mama yangu, hakukuuliza wa nyumbani hawajambo. Yule wa yadi kakufanya mgeni. Na sisi watu wa Pwani tumelelewa hivi: ukikaribishwa, ukala cha mtu, huinuki ukaenda zako. Ni fedheha. Muuzaji anaijua haya yako kuliko anavyoijua injini anayoiuza. Soda si kinywaji pale, ni kamba. Kwa hiyo ukifika sema umekunywa, hata kama koo limekauka mpaka linakwaruza. Chukua maji yako toka nyumbani. Na usikae. Aliyesimama huondoka kirahisi.

Najua kuna mtu anajisemea, "Mama, nisipotaja pesa nitaonyeshwa magari ya wabunge nipoteze siku." Hapana. Taja gari, usitaje pesa. "Nataka IST, injini ya 1300, bei mpaka namba na bima. Una ngapi, na kila moja bei gani?" Atauliza bajeti tena. Atauliza mara tatu, kwa mlango huu na ule. "Unalipa taslimu au mkopo?" Ni swali lile lile limevaa baibui. "Unafanya kazi wapi mama?" Ni lile lile. Wewe jibu, "Inategemea gari." Basi. Sentensi mbili za kukariri, nyinyi mmekariri juzuu nzima.

Na yule baba pale anayetikisa kichwa, nadhani anasema vijana wale nao wanatafuta riziki. Ni kweli, na mimi simchukii hata mmoja. Analipwa kamisheni, asipouza halipwi. Lakini mimi pia nina riziki, na ile ilikuwa miaka 27 ya riziki. Tena nikuongezee. Yule rafiki aliyesema "twende kwa jamaa yangu atakupunguzia," muulize taratibu kama ana cha juu. Dalali anapokea kwa muuzaji, anapokea na kwako, na zote mbili zinatoka mfuko mmoja. Mfuko wenyewe mnaujua.

Wimbo wao mwingine ni ushuru. "Mama, ushuru umepanda, sisi wenyewe hatupati kitu!" Ushuru upo, sitaki mtu aseme nimekana. Gari likitoka Japani linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, juu yake VAT asilimia 18, na likizidi miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa uchakavu. Lakini hiyo si siri ya wenye yadi. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unachagua aina ya gari, mwaka na injini, kinakupa jumla. Bei za Japani nazo ziko wazi kwenye simu ya mjukuu wako. Jumlisha bei ya huko, meli na ushuru, usiku mmoja na kikombe cha kahawa, utajua gari lile limemgharimu mwenye yadi kiasi gani kabla hujakata tiketi ya basi. Ukienda bila namba hiyo, utaaminishwa namba yoyote. Nami, mhasibu, nilikwenda bila namba hiyo! Haya tuyaache.

Kuna na "kuna mtu anakuja kulichukua saa nane." Mwache aje. Saa nane nimezisubiri nyingi, sijamwona mtu. Na akikwambia uache kishika uchumba cha laki tano ili alifiche gari, jua kukirudisha ni kesi. IST nchi hii zimejaa, hakuna ya mwisho.

Katibu ananionyesha saa. Nilijua. Ngoja nikimbie.

Kilomita zinarudishwa nyuma, msizitegemee. Gari linasema kilomita 48,000, halafu mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana? Tazameni pedali, tazameni usukani. Mwaka: mkanda wa kiti una kitambulisho chenye mwaka wake kule chini kwenye mzizi, na tairi lina tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2316 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2016. Namba ya chesisi: IST inayoanza na NCP60 au NCP61 ni ya lile toleo la kwanza, na lile liliisha kutengenezwa mwaka 2007. Jirani yangu aliuziwa NCP60 akiambiwa ni ya 2010, na akabisha na mimi nusu saa kwa sababu kijana alikuwa na adabu. Adabu! Karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari na daraja lake, iombe. Daraja ikiwa R, gari limewahi kugongwa likatengenezwa, na hilo peke yake si kosa, kosa ni kukuficha. Kama gari lina namba tayari, angalieni faini za trafiki kabla ya kulipa, na jina lililoko kwenye kadi ya gari liwe la mtu mnayemlipa, kitambulisho kwa kitambulisho. "Kadi iko njiani" maana yake na pesa ziko njiani. Kutu nilitaka kuisemea kwa urefu, maana kwa upepo wetu huu wa bahari... haya, basi, siku nyingine.

Nasikia kuna wawili wanaokwenda Dar Jumamosi. Inueni mikono niwaone. Wewe ni mpole sana, baba, uso tu unasema bajeti. Nenda na shemeji yako yule wa Makorora, yule aliyegombana na kondakta. Ndiyo, huyo huyo. Yeye ndiye aseme, wewe ukae kimya ubebe chupa ya maji.

Karatasi ya namba za chesisi iko kwa katibu, nakala shilingi mia. Maswali.