Mawe Chini ya Jiko: Nimemaliza, Ila Kuna Mahali Niliteleza

Haya ndugu zangu wa Mtwara, wa Mikindani, na nyie wa Lindi msije mkanuna, hamjambo? Huku kaskazini mwa England ni saa kumi jioni na nje giza limeshaanza kuingia.

Nageuza kamera. Hilo jeusi ndilo jiko la kuni. Mama alipoliona kwenye simu alicheka mpaka akakohoa: "Yaani gesi ipo hapa Msimbati, wewe mwanangu umekwenda Ulaya kukoka kuni?" Mama, hili si la ugali. Ni la kupasha nyumba joto, na moshi wote unapanda kwenye dohani.

Sasa tazameni chini yake. Sakafu ya hapa ni ya mbao, kwa hiyo kwanza nimelaza vibao vya saruji, halafu ndiyo tailizi za mawe. Jiko kama hili lisilochemsha sakafu kupita nyuzi 100, mwongozo wa kanuni za ujenzi za England unataka tabaka lisiloungua, unene angalau milimita 12, lijitokeze 225 mbele ya mlango na 150 pembeni. Mimi mbele nimetoa 300. Kaa likiruka halina rula.

Mawe yenyewe ni sleti, yale ambayo zamani wanafunzi waliandikia. Nikayapanga, pimamaji ikakubali, nikajiona fundi. Nikakoroga grauti, ule uji wa saruji wa kujazia mianya kati ya tailizi, nikajaza, nikafuta na sponji, nikalala. Asubuhi jiwe langu jeusi limepauka kama miguu ya mtoto aliyetoka kucheza mchangani!

Kumbe ni grauti imegandia: jiwe la asili linakunywa, na hili uso wake una vibonde kila mahali. Ilitakiwa nilipake dawa ya kuziba vinyweleo kwanza, likauke, ndipo nishike grauti. Nimesugua siku mbili kwa brashi na dawa yenye asidi kidogo. Sleti inavumilia. Ila wewe mwenye nyumba ya matumbawe pale Mikindani, usithubutu. Kamulia ndimu kipande cha tumbawe uone kinavyotoa povu. Ile ni chokaa inaliwa.

Huu ukingo unaokutana na mbao sikuweka grauti, nimeweka silikoni ya kuhimili joto, kijazio kinachonyumbulika kama mpira. Mbao zinavimba na kusinyaa, grauti ingepasuka mapema tu.

Na kile cheupe ukutani ni king'ora cha hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Huku sheria inakidai. Huko kwetu, jamani, jiko la mkaa litoeni nje kabla ya kulala.

Sijawasha bado, nasubiri grauti ikomae. Jumamosi nitakoka moto mdogo, wa vijiti tu, nisije nikashtua mawe. Mama kashaniuliza kama juu yake sufuria inakaa. Birika linakaa, mama. Ugali bado napikia umeme.